Nondo ya Saba

Jumatatu, 3 Februari

Itambulike rasmi, kwa faida ya vizazi vijavyo, kwamba nyundo yangu imepata mpini mpya wa mpera. Hakuna hotuba zilizotolewa.

Nimegonga daraja, kama kila mwaka kabla ya masika. Daraja la troli za mkonge, la enzi za Mjerumani. Troli zilishakufa. Sasa tunapita sisi watu wa Hale kwenda mashambani. Chini limeshikwa na nondo kumi na mbili, mbilimbili. Nagonga, nasikiliza. Mlio mrefu, nzima. Nikatangaza, "Linaimba." Watu wakapiga makofi. Sikusomea. Nina masikio tu.

Ya saba sikuigonga. Huwa siigongi.

Jumatano, 5 Februari

Wamekuja watu wa vipimo. Mkubwa wao binti, Injinia Neema. Kanipa shikamoo, kisha kauliza daraja lina miaka mingapi na nani amewahi kulitengeneza. La kwanza nimejibu.

Wanatoa nondo tatu, wanaweka mpya, za zamani zikavutwe kwenye mashine Korogwe mpaka zikatike. Nizichague mimi, maana najua kila nati. Mwizi kaambiwa achague askari. Nimechagua ya pili, ya nne, ya kumi.

Ya saba ilikatika miaka kumi na mmoja iliyopita. Niliichomelea peke yangu. Chuma kile hakipendi umeme, kilitoa povu kama uji. Nikapaka rangi nyeusi. Nikanyamaza.

Ijumaa, 7 Februari

Korogwe. Mashine ilivuta taratibu. Nondo ikarefuka, ikakatika, ncha zikachambuka nyuzinyuzi. Mkonge mtupu! Neema anasema chuma cha zamani kilifuliwa kwa kukunjwa na kugongwa, ndiyo maana. Nimefanya kazi ya mkonge miaka thelathini, sikujua nakanyaga ndugu yake.

Kisha kaeleza uchovu wa chuma. Mzigo mdogo, ukirudiwa mara nyingi, unaanzisha ufa. Nikauliza kama nyundo inausikia.

"Ukishakuwa mkubwa, mzee wangu. Na hapo umechelewa."

Chakula cha mchana sikula.

Jumamosi, 8 Februari

Mama Rehema kaenda shamba. Nimemwomba azungukie barabara kuu.

"Baba Rehema, si Jumatatu umesema linaimba? Limeanza lini kunyamaza?"

Kapita na gunia la mahindi kichwani, anacheka. Nimesimama ukingoni nahesabu hatua zake. Ni mke wangu. Naogopa. Sina neno zuri zaidi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemwambia Neema. Yote, mpaka rangi. Hakufoka. Angefoka ningepona. Kafunga daraja, kaagiza tutoe ya saba na mwenzake, ya nane.

Kijiweni jina langu jipya ni Injinia Rangi. Mmoja kauliza kama ninapaka na kucha.

Alhamisi, 13 Februari

Ya saba imekatika palepale nilipochomelea, mashine haijaanza hata kujikaza. Nilitegemea. Nikaona aibu, lakini na nafuu. Angalau nilijua ubaya uko wapi.

Ya nane ndiyo sikuitegemea. Ufa umeila hadi nusu. Ile ile niliyoigonga wiki iliyopita nikaisifu.

Jumapili, 16 Februari

Daraja bado limefungwa. Mama Rehema anazungukia barabara kuu, saa nzima na zaidi. Jioni kaniwekea chai. Nyundo iko uvunguni.

Neema alinionyesha kabla hajaondoka. Nilipochomelea nikijaza pengo la pale ilipokatika, niliirefusha ya saba kwa upana wa kucha. Ikalegea. Mwenzake, ya nane, akabeba mzigo wa wawili.

Miaka kumi na mmoja nimeiogopa ya saba. Haikuwa imebeba kitu.