Msamaha Usiokuwa Wangu

Madyan, Swat
Msimu wa kuchuma tufaha

Kwa dada yangu mpendwa Bakht Zamina,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamekuruhusu kusali bila kiti, na joto la Karachi limepoa kidogo. Huku sote wazima. Mkwe wako Nazmina anakusalimu sana, na mjukuu wako ameanza kutembea, kwa hiyo hakuna kikombe kilichosalimika nyumbani. Mimi bado natengeneza meno ya bandia hapa sokoni. Tumbo limeongezeka, nywele zimepungua, akili unaijua mwenyewe.

Simu zangu hupokei, na sababu naijua. Umeambiwa nimemsamehe Haji Sherin Zada, kwamba nilimkumbatia uani kwangu na kula kondoo wake. Ni kweli, Dada. Nilikula, tena niliongeza. Lakini binti yako akusomee hadi mwisho, ndipo uamue kama karatasi hii inafaa kuwashia jiko.

Unakumbuka alivyosema Haji baada ya mazishi. Gari la mwanao Bakht Rawan liliteleza konani, likagusa kingo za chuma alizojenga Haji kando ya barabara, na zile kingo, badala ya kulizuia, zikang'oka zikaingia nalo mtoni. Polisi wakaandika uzembe wa dereva. Haji akakaa hotelini na chai yake, akasema kijana yule aliendesha kama anayefukuzwa na nyuki, na kwamba hakijafuliwa chuma cha kumzuia mjinga. Watu walishindana kuja kuniletea maneno hayo, kila mmoja akiapa kwamba inamuuma kunieleza.

Nilikwenda Mingora kwa wakili mmoja, Huma, binti anayeongea haraka kuliko ninavyosikia. Alikuja mwenyewe hadi konani, akaingia kwenye matope na viatu vyake vizuri, tukazitazama nguzo zilizong'oka. Zilikuwa fupi, na chini hazikuwa hata na chembe ya zege. Nikamwambia basi, tumempata. Akacheka, akasema, mjomba, hapo hatujampata mtu. Haji atadai mafuriko yalikula udongo, au wezi walikata chuma, au mhandisi aliyekagua ndiye aliyepitisha. Tunataka mtu wa kusema kwamba Haji alizikata mwenyewe, akijua. Nikamjibu kwamba waliomsaidia kukata ni wapwa wake, na hao hata ukiwang'oa kucha hawasemi.

Theluji ilipoyeyuka, Haji akaja mlangoni kwangu na kondoo, amevua kilemba, nyuma yake wazee, mbele yao Malik Jahan Sher. Nanawatai unaijua: mtu akishavuka kizingiti chako kuomba msamaha, humrudishi. Lakini na yeye lazima alitaje kosa lake kwa kinywa chake mbele ya wanaume. Haji alitaka kupitia njia ya mkato, akaanza kusema habari za kudra na ajali. Malik akamkatiza: "Sema ulichofanya, Haji. Kondoo hatakusemea."

Akasema. Alisema kila nguzo aliikata katikati, ikawa mbili, akazichomeka kina cha goti, bila zege, akijua gari halitazuilika. Alilia, Dada, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo sitakuficha. Nikamkumbatia. Kondoo akachinjwa, tukala pilau, na Haji alitafuna kwa meno niliyomtengenezea mimi mwenyewe. Nikajuta kwamba niliyatengeneza vizuri.

Mji mzima ukanisifu. Wewe ukakata simu.

Sasa sikia ya mahakamani. Wakili wa Haji alisimama akasema hapa hakuna kesi, familia ilishasamehe. Jaji akauliza nani alisamehe. Nikanyanyuka, na tumbo langu. Akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikasema, mpwa wangu. Akauliza kama mama wa marehemu aliulizwa. Hapana. Mjane je? Hapana. Kwa nini? Wakili akasema wanawake hawakuwapo uani. Jaji akavua miwani, akasema polepole, kama anamweleza mtoto, kwamba wenye haki ya damu ile ni mama, mjane na mtoto. Mjomba harithi chochote hapo, kwa hiyo hakuwa na chochote cha kusamehe.

Haji akageuka kunitazama. Uso ule, Dada, natamani ungeuona. Nimekuwa nikiutoa kumbukumbuni kila asubuhi na kuupangusa vumbi.

Kisha Huma akamwita Malik Jahan Sher. Mzee aliapa, akatazama sakafu, akarudia kila neno: kukata katikati, kina cha goti, bila zege, akijua. Hajawahi kuongopa juu ya jambo lililosemwa mbele yake, na hakuanza siku hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Haji hakuja kwangu kwa moyo wake tu. Huma alikuwa ameshanieleza, tangu wakati wa theluji, kwamba msamaha wangu kisheria hauna uzito wa unyoya. Nikaufikiria sana huo unyoya. Kisha nikamtuma kinyozi wa sokoni amnong'oneze Haji, akiwa chini ya wembe, kwamba moyo wa Fazal umelainika, kwamba akija na kondoo hatarudishwa, mradi aje na Malik Jahan Sher. Malik nilimchagua mimi, kwa sababu haongopi.

Mtu aliingia chini ya hifadhi yangu, nami nikamgeuza ushahidi. Kwa mila zetu, afadhali ningempiga risasi. Kinyozi hakuweza kufunga mdomo, na Malik sasa anajua. Salamu yangu haitikii. Msikitini nafasi iliyo kando yangu inabaki wazi hata siku ya Ijumaa. Wateja wanakwenda mji wa pili kutengeneza meno, wanarudi wanapiga miluzi bila kutaka. Nimejaribu kujuta, Dada, kwa juhudi zote. Nimeshindwa. Nataka kumwona mtu yule anachimba mashimo ya nguzo kwa mikono yake.

Hukumu bado. Na Haji sasa ameelewa msamaha wa nani ndio una uzito. Alianza na Nazmina. Mkwe wako alimjibu akiwa nyuma ya mlango, akamwambia ampeleke kondoo wake pale konani, amfunge kwenye nguzo, aone kama itamzuia.

Kwa hiyo anakuja kwako. Atapanda basi la Karachi pamoja na Malik, na safari hii Malik atakuuliza wewe mwenyewe, mbele ya watu, kama ilivyopaswa tangu mwanzo. Haji atalia tena. Mimi nilimkumbatia kwa mikono mitupu, ya kwako si mitupu. Akivuka kizingiti na ukatamka neno moja, haki yako yote kwake imekwisha, na kweli imekwisha.

Sitakuambia ufanye nini. Wewe ndiye uliyemzaa. Barua hii nimempa dereva wa basi la leo ili imtangulie. Wasalimie wote hapo, binti yako na watoto wake, na majirani wa Swat waliopo mtaani kwenu. Mungu akutunzie macho na magoti. Na mlango wako, Dada, nakumbuka una komeo kwa ndani.

Mdogo wako,
Fazal Wadood