Siku Saba za Samli, na Mke Ameenda Plateau

Mpendwa Mama Jeruto, naomba msaada wako kabla sijaharibikiwa kabisa, na ukiichapa barua hii gazetini tafadhali ufiche jina langu, kwa sababu mimi ni karani hapa Eldoret na watu wananiheshimu.

Mama, tumbo langu linanisumbua tangu Krismasi, linajaa hewa, linawaka moto mpaka kooni, nikila ugali linavimba, nisipokula linanguruma, nimekunywa chupa tatu za dawa nyeupe ya dispensari na bado, ndipo Mhindi mmoja fundi wa cherehani tunayefahamiana akanipeleka kwa mzee wa kwao anayetibu kwa dawa za asili za Kihindi, chumba chake kiko nyuma ya duka la vitambaa, na huyo mzee akanishika mkono kwa vidole vitatu, akafunga macho kimya, halafu akasema mwili wangu umejaa uchafu wa siku nyingi na dawa ya kuutoa anayo, lakini hawezi kunipa mpaka nijitayarishe kwanza, mwili na roho, kwa siku saba.

Na kujitayarisha kwenyewe si mchezo. Kila asubuhi kabla ya jua kutoka nakunywa samli ya moto, siku ya kwanza kijiko kimoja, ya pili viwili, hivyo hivyo mpaka saba, nisile nyama, nisinywe chai (chai, Mama!), nile mchele na ndengu zilizopikwa pamoja mpaka zikawa kama uji wa mtoto, nijipake mafuta ya simsim mwili mzima, nisilale mchana, na kupita yote hayo nisikasirike, nisigombane na mtu, maana alisema roho yenye kelele haiachi uchafu utoke.

Basi mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Nikawatangazia watu wa nyumbani kwangu kwamba kwa siku saba asinikasirishe mtu. Watoto nikawakataza kucheka, jogoo nikamfungia stoo, mke wangu Nangila nikamwambia asioshe sufuria nikiwa ndani, kwaya yetu ya kanisa ilipokuja kufanya mazoezi kwa jirani nikatoka nikawaomba waimbe moyoni tu, na kila aliyevunja amri hizi nilimfokea sana, kwa sababu alikuwa ananiharibia utulivu.

Siku ya nne Nangila akaja akakaa mbele yangu akasema, "Baba Nasambu, nina neno moja nataka kukuuliza juu ya kaka yangu." Nikainua mkono. Nikamwambia maneno yote yangoje mpaka nimalize dawa. Akainuka akarudi jikoni, na kesho yake nilipotoka kazini nikakuta amechukua watoto ameenda Plateau kwa huyo kaka yake, Murunga, ambaye sasa ni kibarua kwenye shamba la mzungu mmoja huko, zamani tulikuwa naye ghala moja la ngano, mimi karani yeye mlinzi, akafukuzwa kazi na nyumba ya kazi, yeye na watoto wake, mwezi wa Novemba ile siku mvua iliingia ghalani ngano ikaloa kwa sababu mlango wa nyuma ulikutwa wazi, na ni kweli ufunguo wa mlango ule hukaa kwangu na jioni hiyo nilitoka mbio nisichelewe kwaya, lakini bwana mkubwa aliuliza mlinzi ni nani, hakuuliza ufunguo uko na nani, na mimi kwa vile sikuulizwa nikanyamaza, lakini hayo ni mambo ya zamani na hayahusiani na tumbo langu.

Shida yangu ni hii. Siku saba nimezimaliza mara mbili, na mara zote mbili mzee ananishika mkono, anatikisa kichwa, ananiambia, "Tumbo iko tayari. Roho hapana. Rudi nyumbani, anza tena." Sasa nimeanza mara ya tatu na ameniambia hii ikishindikana hatanipotezea dawa yake. Na huko Plateau nako Murunga ametuma ujumbe kwamba kama namtaka mke wangu nifike mwenyewe Jumamosi hii, watachinja kuku tukae tuongee, na nisipofika Jumamosi nisije tena. Mama, wewe ni Mnandi lakini umekaa na sisi Wabukusu, unajua mwanamume aliyekuja kumchukua mke halafu akakataa kuku wa wakwe ni kama amesema mke hamtaki. Na Jumamosi ni siku ya tano ya samli! Nikila kuku nimeharibu mwili, wakinigombeza nimeharibu roho, nisipoenda sina mke. Nimefikiria nimtume mjomba wangu akale huyo kuku kwa niaba yangu, au niende nionje mchuzi tu. Niambie nianze na lipi, maana usiku silali.

Ni mimi,
Karani Mwenye Tumbo, Eldoret.

*

Bwana Karani,

Pole. Tumbo linalowaka tangu Krismasi ni mateso, na hiyo samli ya moto mpaka vijiko saba imenitia huruma kweli, hata kikombe changu cha chai nilikisogeza kando nikiwa nakusoma. Halafu nikakirudisha.

Umeniomba nifiche jina lako, nami nimelificha, ingawa sijui Eldoret hii ina makarani wangapi wanaonuka samli na simsim. Lakini mkeo na shemeji yako uliwaandika majina yao yote, pamoja na shamba wanakokaa. Wewe ufichwe, wao waachwe nje! Majina yaliyochapwa hapa juu nimewapa mimi, na jina la shamba nimelifuta.

Sasa tuje kwa huo utulivu wako. Jogoo umemfungia stoo. Watoto wasicheke. Wanakwaya waimbe moyoni, loo, nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Mzee wa watu alikukataza wewe kugombana, hakuwakataza watoto wako kucheka. Amri uliyopewa wewe umeibebesha nyumba nzima, na asiyeiweza unamfokea, kisha unashangaa kuambiwa roho hapana.

Wala sikucheki kwa ajili ya dawa. Hata kwetu nyanya yangu alikuwa na mchuzi wake wa mizizi wa kusafisha tumbo, mchungu huo, machozi yanatoka kabla haujafika mdomoni, na kabla hajakupa bakuli alikuwa anakuuliza umekosana na nani. Ukisema hakuna mtu, na yeye anajua yuko, anaurudisha mchuzi chunguni. Kwa hiyo huyo mzee wa nyuma ya duka simjui, lakini vidole vyake vitatu vimekusoma vizuri kuliko ulivyojiandika wewe mwenyewe.

Maana barua yako nimeisoma mara tatu, Bwana Karani, na penye ugonjwa ni pale pale uliposema hapahusiani. Mlango ulikutwa wazi Novemba. Tumbo likaanza Krismasi. Katikati hapo mwanamume mmoja amefukuzwa kazi, ametolewa kwenye nyumba ya kazi yeye na watoto wake, sasa analima shamba la mtu, na bila shaka kila anapoomba kazi ya ulinzi anaulizwa habari za ngano iliyoloa. Na wewe unapita mjini na ufunguo mfukoni. Ati hukuulizwa! Aibu, ndugu yangu. Naandika neno hilo kwa upole, lakini ndilo lenyewe.

Na kuulizwa umeulizwa. Nangila alikaa mbele yako siku ya nne akaomba neno moja juu ya kaka yake, ukamwinulia mkono kama hakimu. Unafikiri aliondoka kwa sababu ya sufuria? Mwanamke aliyevumilia kuishi na jogoo stoo hashindwi na sufuria. Mimi nadhani anajua, au anakaribia kujua, na alitaka alisikie kutoka kwa mdomo wako kabla hajalisikia kisimani.

Kwa hivyo nisikilize. Samli iache leo. Jumamosi panda gari la moshi la asubuhi uende Plateau wewe mwenyewe, na mjomba wako abaki kwake, kama ana hamu ya kuku achinje wa kwake. Beba sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu kwa watu uliowafikisha hapo. Kabla hawajaleta maji ya kunawa, mwambie Murunga mbele ya dada yake kwamba mlango ule uliuacha wazi wewe. Usianze na mvua. Usianze na kwaya. Sema hivyo, kisha unyamaze, wewe si umejifunza kunyamaza? Safari hii unyamaze umsikilize, hata akiongea mpaka kuku apoe.

Baada ya hapo akikuwekea kuku, kula, kula vizuri, mafuta yote, na tumbo lako usilitaje hata kidogo. Akikupa firigisi, kipande cha mgeni wa heshima, ujue amekusamehe kuliko ulivyostahili. Asipokupa, kula mboga na ushukuru, nenda tena Jumamosi nyingine.

Jumatatu ingia kwa bwana mkubwa useme neno lile lile, na umwombe aandike kwa mkono wake kwamba Murunga hakuwa na kosa. Najua unaweza kupoteza kiti chako cha ukarani. Sikufichi, jambo hilo linaniogopesha kwa ajili yako na watoto wako. Lakini Murunga naye ana watoto, na yeye alipoteza kazi bila kufanya lolote.

Ukishamaliza hayo yote mrudie mzee, umpe mkono, aushike tena. Akikwambia uanze siku saba upya, anza, ila mara hii watoto wacheke na jogoo awike. Kama roho yako imetulia kweli haitasumbuliwa na jogoo.

Jambo moja la mwisho. Ukishuka Plateau huenda Nangila ndiye atakayekuona kwanza. Usimweleze habari za dawa, wala za siku ya tano. Msalimie, kaa chini mahali atakapokuonyesha, halafu umwambie, "Lile neno lako, Mama Nasambu. Niulize."

Mama Jeruto