Shangazi Hajavuka Daraja

Kasingirima, Ijumaa, baada ya mvua

Dada Mwamini,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna anayesubiri barua. Lakini nimetoka kulia sasa hivi, pua imeziba, Bi Ester wa mihogo ameniamuru nikae nitulie, na unanijua, mimi nikikaa bila kazi naanza kugombana na watu. Bora nigombane na wewe.

Kwanza habari za nyumbani. Arobaini yako tumeisoma. Watu walijaa hadi kwenye baraza la jirani. Shangazi alikuja kutoka Ilagala na gunia la dagaa, akapika mwenyewe na kumfukuza kila aliyekaribia sufuria. Nguo zako ziligawiwa. Mama alichukua kanga mbili. Moja anajifunika, nyingine hataki ifuliwe kwa sababu bado inanukia wewe. Mimi nilipewa funguo za banda la gemu. Sikuziomba. Mjomba aliziweka mkononi mwangu mbele za watu, nikashindwa kukataa.

Dada, tangu siku tuliyokuzika kuna swali limenikaa kooni. Ulijua?

Unakumbuka siku ile hospitali, daktari alipotuita mimi na mama nje, wewe ukabaki kitandani unamenya chungwa? Alituambia moyo wako umetanuka na dawa haziwezi kuurudisha. Zitakupunguzia tu kuhema. Kabla hatujarudi ndani mama alinishika mkono: "Mgonjwa haambiwi, Zai. Ukimwambia umemuua." Ndivyo wanavyofanya watu wote hapa kwetu, nami sikubisha. Tukaingia tunacheka. Tukakwambia ni damu tu imepungua, tukaanza kukunywesha rozela asubuhi na jioni na kukulisha matembele. Siku moja ulikitazama kikombe ukasema, "Mkiendelea hivi mtanizika nikiwa mwekundu." Tulicheka kupita kiasi. Mama alicheka mpaka akatoka nje, na alikaa huko muda mrefu.

Tangu hapo hatukuwahi kuzungumza nawe neno la kweli. Tulikuwa wengi chumbani, kila mtu na uongo wake, na wewe katikati. Usiku na mchana nilikuwa najiuliza kama tumekuacha peke yako humo humo ndani ya watu. Ndiyo maana nilikuwa sijalia. Majirani wamesema sana, eti Zaituni ana moyo wa jiwe. Waache waseme. Mtu akilia anakuwa amekubali jambo fulani, na mimi nilikuwa bado nasubiri jibu.

Sasa banda. Nilifungua baada ya arobaini. Wale wa mpira walirudi siku ile ile, hao hawana shida, wape pedi za kuchezea wapigiane kelele. Shida ilikuwa wateja wako wewe, wale wanaokuja kumtazama Shangazi.

Nacheka nikikumbuka ulivyompa jina. Kwenye gemu lenyewe ni askari wa kukodiwa wa Uyunani ya kale, mwanamke mwenye kovu shavuni na ngao iliyochorwa kware, anapigana vita ya yeyote anayemlipa. Ana jina refu la Kiyunani ambalo hakuna aliyeliweza. Siku ya kwanza alipotokea kwenye tivii anatembea ufukweni, mkono kiunoni, mguu mmoja anauvuta kidogo, ukapiga kelele: "Jamani, si shangazi yetu wa Ilagala huyu, anakwenda kufukuza kunguru kwenye dagaa!" Basi, akawa Shangazi.

Ulikuwa unapunguza sauti ya gemu kabisa, unakaa kwenye stuli, unamtafsiria kama wale wanaotafsiri sinema. Tena kutafsiri gani! Kiingereza chenyewe ulikiacha darasani. Mji wa huku na mji wa kule ng'ambo ikawa na ugomvi wa soko la samaki. Jemadari mwenye kofia ya manyoya ukamfanya mtendaji wa kata. Na kila Shangazi alipochomoa upanga alimwuliza adui, "Nani kakutuma kwangu?" na banda zima likaitikia, "Rudi nyumbani ukale!" Mimi niliyekuwa nasoma maandishi pale chini nilijua hakuna hata neno moja la kweli. Nilikaa kimya kwa sababu la kwako lilikuwa zuri zaidi.

Nilipojaribu mimi, niliwasomea kilichoandikwa, sawasawa, neno kwa neno. Dada, waliniangalia kwa huruma. Mmoja akauliza mbona Shangazi siku hizi anaongea kama mwalimu wa zamu. Wiki ya pili hawakuja.

Wote walikuwa wanangoja daraja. Wewe ndiye uliyewazoesha vibaya. Kila ulipofika kwenye lile daraja la mawe, mwisho kabisa, mji ukionekana ng'ambo na moshi juu yake, ulikuwa unaweka pedi chini: "Shangazi hajalipwa. Havuki mtu hapa." Wakakubembeleza, wakakutukana, ukazima mashine. Ukamrudisha mwanzo wa vita na hakuna aliyelalamika sana. Hakuna mtu Kasingirima aliyewahi kuona ng'ambo ya lile daraja. Mimi nilidhani hujui kulivuka. Nilidhani maadui ni wengi mno na unaona aibu kushindwa mbele ya watu.

Leo mchana mvua ilishuka ile ya kufunga milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa isionekane kabisa. Bandani hakuna mtu. Bi Ester aliingia na beseni lake la mihogo kujikinga, akakaa kwenye stuli yako. Nilitaka kumwambia asikae hapo, nikaona aibu, yule mama amekimbia Burundi na watoto mgongoni, mimi nimnyime stuli? Nikawasha mashine ili nisimtazame. Nikafungua pale ulipohifadhi wewe mwenyewe, nikamkuta Shangazi kama ulivyomwacha, mguu mmoja juu ya daraja.

Nikavuka.

Maadui hawakuwa wengi, dada. Wala hawakuwa wagumu. Hata mimi niliwamaliza. Ila yule wa mwisho alimchoma mkuki ubavuni, na hapo pedi ikaacha kunisikiliza. Shangazi alianza kutembea mwenyewe, akashuka hadi kwenye mchanga, mkono kiunoni kama kawaida yake, sasa nikaona ni jeraha alilokuwa amelishika. Nilibonyeza kila kitu. Nilibonyeza mpaka kidole gumba kikaniuma. Nilimwambia kwa sauti, "Simama, wewe, simama!" Akaketi, akailaza ile ngao ya kware pembeni, akatazama maji. Hapakuwa na mtu yeyote ufukweni. Akainamisha kichwa, basi. Maandishi yakaanza kupanda na sikuyasoma.

Bi Ester akanigusa bega. "Ihangane, mwana wanje," aliniambia, vile wanavyopeana pole kwao. "Na yeye alibonyeza hivyo hivyo."

Nikageuka. Nikamwuliza yeye nani.

Akanieleza. Siku niliyokwenda Simbo kununua maharage, wewe ulijikongoja mpaka bandani, ukafunga mlango, ukamwita yeye tu. Mkavuka nyote wawili. Shangazi alipoketi kwenye mchanga hukumtafsiria neno. Ulisema tu, "Basi, amefika." Kisha ukamrudisha Shangazi mwanzo wa daraja, ukamwomba Bi Ester asimwambie mtu, hasa mimi. Na ukamwambia hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Nyumbani wananificha. Waache, wanajitahidi sana. Rozela yenyewe ni chachu lakini nakunywa, mama anafurahi."

Dada Mwamini. Ulikuwa unakunywa kwa ajili yetu.

Nimelia hapo hapo, kwenye sakafu ya banda, kwa sauti, kamasi na vyote. Bi Ester alinishikilia kama mtoto anayeogeshwa. Sina hakika nimelia hasira au nini. Nimekukasirikia, hilo nakwambia wazi. Tungeweza kulia pamoja. Ungeweza kunifinya tu mkono nikajua. Badala yake mimi nilikuficha wewe, wewe ukanificha mimi, na tukapoteza siku zote zile tukizungumza habari za damu na mboga. Lakini pia nimepumua, siwezi kukudanganya tena. Hukuwa umeachwa gizani kama nilivyoogopa. Ulikuwa umekaa na Bi Ester, mvuke wa mihogo unapanda, ukaona mwisho kwa macho yako, ukarudi nyumbani kutubembeleza.

Jioni nimemweleza mama. Ameichukua ile kanga asiyotaka ifuliwe, akaiweka usoni, akatingisha kichwa muda mrefu, kisha akaomba maji. Nimekaa naye mpaka akalala.

Sasa sikia ninachokuahidi, na usinicheke. Nimewatumia ujumbe wateja wako wote: kesho Shangazi analipwa. Sauti ya gemu nitaipunguza kabisa. Nitakaa kwenye stuli na nitamtafsiria kama wewe, na mtendaji wa kata na ugomvi wa samaki, hata kama sitaweza kuchekesha. Nitavuka mbele yao wote. Na akishachomwa, sitawaambia amechoka, sitawaambia damu imepungua. Nitawaambia anakufa, na kwamba yeye mwenyewe anajua. Kisha nitawaomba wakae, wasiondoke, mpaka ainamishe kichwa, ili safari hii ule ufukwe uwe na watu.

Lala salama, dada yangu. Mungu akupe mahali pa kivuli na maji ya kunywa yasiyo rozela.

Mdogo wako,
Zai