Mwaka Unaoisha Diwali

Kahama, Jumamosi, 8 Novemba 1997

Leo ni miaka ishirini na mitano tangu tufukuzwe Uganda. Askari aliupokea ufunguo wa nyumba yetu ya Jinja kama mtu anayepokea chenji. Mke wangu, Mama Sanket, Mungu amrehemu, alibaki amesimama mbele ya mlango. Ilibidi nimshike mkono.

Sasa serikali ya Uganda inaturudishia nyumba. Mwanangu Sanket ameniahidi: mwakani tunakwenda, Bapuji. Naota ile baraza — nikiwa macho!

Jumatatu, 10 Novemba

Mwanangu anauza programu ya hesabu, mimi napokea wateja. Leo ameingia Mama Swaumu, mnunuzi wa dhahabu wa Nyasubi. Hakukaa.

"Shikamoo mzee. Kompyuta yenu imenifungia nje. Inasema muda umeisha. Muda gani? Nimelipia mwaka!"

Wachimbaji wamejaa kwake wanadai salio lao, na masalio yote yamo humo ndani. Wanamwita mwizi.

Sanket hakuinua hata kichwa. Mkataba wa kufuli, yaani ulinzi wa programu unaolipiwa kila mwaka, unaisha Diwali, akasema.

Diwali! Ni sikukuu yetu Wahindu, imepita juzi juzi tu, na ndipo tunapofungua vitabu vipya vya hesabu. Mama Swaumu alihesabu hadi Desemba, kama mji mzima.

"Diwali ndiyo nini, baba? Mimi nafunga Ramadhani."

Ameondoka. Sanket akanigeukia: "Si wewe uliyenifundisha mwaka wa biashara unaisha lini?"

Kweli, ni mimi.

Jumanne, 11 Novemba

Mimi na Sanket tumegombana tangu chai ya asubuhi. Anasema virusi vipya vya kompyuta vinakuja kila mwezi na disketi za Mwanza. Lazima mtu akae, avichunguze, atengeneze kinga. Kazi haiishi, kwa nini malipo yaishe?

Hapo ana haki, na nimemwambia. Wateja walipe kinga kila mwaka. Asiyelipa asipelekewe kinga mpya. Lakini hesabu alizoandika mteja kwa mkono wake zibaki wazi! Na kufuli liingie kwenye bei ya kwanza. Nani anauza sanduku halafu anakodisha ufunguo?

Akacheka. "Wasipofungiwa, nani atalipa? Kwa bei zako, Bapuji, tungekuwa tunauza karanga stendi."

Mkewe, Varsha, akaweka kikombe chini. Mwambie hiyo pesa ni ya nini, akasema. Sanket akainuka kutafuta viatu. Varsha akasema mwenyewe: wakili, nauli, mabati ya nyumba ya Jinja. Yote yanatoka kwenye kufuli.

Nimeiacha chai, nikaenda kufungua duka.

Jumatano, 12 Novemba

Naandika nikiwa dukani. Mama Swaumu yuko nje kwenye ngazi, khanga ameibana mabegani. Nimemkaribisha mara mbili. "Nitaingia mkinifungulia," anasema. Anautazama mlango wetu jinsi Mama Sanket alivyoutazama ule wa Jinja.

Nimemwambia Sanket aende akamfungulie, bila kumtoza hata senti. Ameshika disketi ya kufungulia. Hamtazami mama wa watu, ananitazama mimi. "Na wengine wakitaka bure, nyumba je, Bapuji?"

Mfungulie, nimemjibu. Sitarudi Jinja.