Ubongo wa Kambale

Igogo, 4 Machi 2025

Mdogo wangu Masalu,

Habari za chuoni Butimba? Mimi mzima, ila mgongo unasumbua kwa kuinamia matenki ya kutotoleshea samaki. Kambale wametaga.

Mama anamwonyesha kila mgeni picha yako ukiwa na koti jeupe la maabara. Mie naona wivu, kwa nini nifiche? Niliishia kidato cha pili ili wewe uendelee. Basi nimejisomesha: nina hadubini ya mtumba, kila saa nakata yai moja kwa wembe, nachora. Mgongoni mwa kale kasamaki hutokea kwanza kijiti cha nyama kisicho na tundu. Baadaye ndani hufunguka uwazi, na upande wa kichwani huvimba, ndio ubongo. Bandika michoro hii maabara, jina langu lionekane.

Dada yako Sabina

Butimba, 11 Machi

Shikamoo dada,

Pole na mgongo. Michoro imependeza, ila umekosea. Kitabu kinaonyesha yai la kuku: unaanza mfereji, kingo zinajikunja, zinakutana, unakuwa mrija, halafu ubongo. Nimekurekebishia. Jina nimeweka langu. Mtotolesha samaki afundishe chuo? Wangetucheka.

Mdogo wako Masalu

Igogo, 13 Machi

Marahaba. Mgongo nafuu, roho ndiyo inauma. Kuku kaandikiwa kitabu, kambale wangu je? Rudisha jina.

Sabina

Butimba, 2 Aprili

Dada yangu mpenzi, shikamoo,

Wiki tatu hupokei simu. U mzima?

Madam Hellen wa baiolojia kasimama mbele ya mchoro: "Masalu, kambale umempa ubongo wa kuku? Samaki kama huyu huanza na kijiti kisicho na tundu. Wewe ulimwona wapi?" Darasa zima kicheko. Nikasema mchoraji ni wewe, unakata mayai ya kambale kila saa. Akafurahi! Anataka uje kutufundisha. Mimi mwaka wa pili huu hajawahi kunifurahia. Dada, kataa. Akijua ni mimi niliyeuharibu mchoro, ile kazi ya usaidizi wa maabara ninayoiomba kwake sipati.

Mdogo wako Masalu

Igogo, 5 Aprili

Marahaba mdogo wangu. Mzima, hata usingizi umerudi.

Nimekubali, ni Alhamisi. Madam kaniuliza kwenye simu ule mfereji umetoka wapi. Nikamwambia mkono uliteleza. Sikusema wa nani.

Kaa benchi la mbele. Ukiwa na swali, nyoosha mkono, uniite Mwalimu. Nitakuona, ila nitaanza na wenzako.

Dada yako Sabina