Kakakuona wa Shadrack

Mama Tumpe,

Kakakuona hayumo kwenye pipa. Nimemchukua mimi, usimgombeze mtoto.

Maharage yako jikoni, yaongezee maji. Mbegu ya mahindi usiiguse, hatupandi mpaka mvua inyeshe kweli.

Ulipokwenda kisimani, ndugu yako Shadrack alileta watu kumi watabiriwe mwaka na kakakuona wake. Wakamwekea yule mnyama jembe, mahindi na bakuli la maji, waone atakwenda wapi. Hakwenda popote. Alijikunja kama mpira, anatetemeka. Shadrack akasema, "Shemeji, mwache ashinde na njaa, kesho atachagua." Nikamwambia hata yeye mwenyewe Shadrack akishinda na njaa siku mbili atachagua mahindi. Akaondoka bila kuniaga.

Jumapili wewe na Tumpe mlimlilia tembo wa kwenye video mpaka nikaizima. Huyu wa kweli yuko uani kwetu siku ya tatu, hakuna aliyetoa chozi. Na mimi nimo. Jana nilisimama pale pipani nikamuuliza habari za mvua.

Nampeleka msituni, kule mlimani. Nimemfunga kwenye keria ya baiskeli, kwa hiyo betri ya televisheni haitakwenda kuchajiwa leo, na sinema ya usiku hakuna. Mwambie Tumpe taratibu.

~~Shadrack asikanyage hapa.~~ Shadrack akija, mpe chai.

Kakakuona nimemfunika kwa kitenge chako cha bluu na magamba yameshakichana. Mpaka sasa amegharimu kitenge kimoja, sinema moja na shemeji mmoja.

Baba Tumpe