Maneno Uliyompa Mzee Nyusi

Dada yangu Njeri,

Ile kanda ya sinema uliyomletea Mama bado tunayo hapa Uthiru. Uliinunua Ngara ulipokuwa ukisomea taipu mjini, kwa mzee Mhindi aliyekuwa akifunga duka kwa sababu watu walikuwa wameanza kutaka sidii. Ulituambia amekupa iliyo kuukuu kuliko zote: sinema ya Hollywood ya enzi ambazo picha zilikuwa hazijajua kusema. Mtu anafungua mdomo, husikii kitu, kisha maneno yake yanatokea kwa Kizungu kwenye ubao mweusi.

Mama hakujua Kizungu, kwa hiyo ulikaa kando ya televisheni ukawa mdomo wa kila mtu. Waigizaji tuliwabatiza upya, maana majina ya kwenye jalada yalitushinda kutamka. Baba wa ile nyumba tukamwita Mzee Nyusi, kwa zile nyusi zake kama brashi ya viatu. Mkewe, aliyejifuta mikono hata ikiwa mikavu, akawa Mama Aproni. Binti yao tukamwita Macho.

Macho anapata mimba, Mzee Nyusi anamfukuza kwenye theluji, na Mama Aproni anabaki dirishani mpaka nywele zinakuwa nyeupe. Mwishowe binti anarudi na mtoto mkononi, anapiga magoti, na mzee anamwekea mkono kichwani. Hapo ulikuwa unafanya sauti nzito: "Nimekusamehe, mwanangu." Mama alilia kila mara kama hajawahi kuiona.

Siku moja ulimwambia kuwa wale waigizaji wote walishakufa zamani.

"Hata huyu msichana?" akauliza.

"Hata yeye, Mama."

"Na hapa bado analia," Mama akasema, akashika shavu.

Baba hakuwahi kukaa nasi. Mzee wa kanisa hakai mbele ya sinema. Alipita tu akienda chumbani, kofia kichwani, akisema, "Bado mnaangalia wafu?" Tulicheka mlango ukishafungwa.

Kisha ikawa ni wewe mwenye mimba. Jumapili ile baada ya ibada sitaieleza yote, ulikuwepo. Nakumbuka Mama akisema, "Baba Njeri, huyu ni mtoto," na Baba akimjibu bila kumtazama, "Ukimfuata, usirudi." Ulichukua begi lako la chuo. Hukulia. Pale langoni ulinishika sikio ukaniambia, "Utakuwa ukimsomea Mama." Nikamsomea. Nilikuwa darasa la sita, Kizungu kile cha ubao kilinizidi kimo, kwa hiyo nilirudia maneno yako kama nilivyoyakariri.

Ulipanga chumba kwenye ploti moja Kangemi, ukafulia watu nguo, ukamzaa Wambui ukampa jina la Mama. Mama alikuwa akiaga kwamba anaenda soko la Kangemi kununua sukuma, ilhali sukuma ilijaa nyuma ya nyumba yetu. Baba hakuwahi kumuuliza. Nimewaza sana juu ya kimya hicho. Alijua, Njeri. Alijua na akakaa.

Mara ya mwisho tulionana mjini, kwenye benchi la bustani ya Jivanjee. Wambui alikuwa amelala mgongoni mwako, na mkono wako ulikuwa mwembamba kuliko wangu. Ulikohoa mpaka mpiga picha wa pale akageuka kutuangalia. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Miaka ile nani aliutaja?

"Mwambie Mama nimenona," ukasema.

"Ataniona nikidanganya."

"Basi mwambie mtoto amenona. Hiyo si uongo."

Jirani yako Mama Nekesa ndiye aliyetupigia simu kutoka hospitali. Mama aliweka simu mezani taratibu kama yai. Baba alipoambiwa alisema, "Mimi nilishazika." Basi tulikuzika Lang'ata, Mama na mimi na majirani wa ploti yako. Mama aliuanza wimbo akiwa peke yake, na Mama Nekesa akaumalizia kwa Kiluhya. Wambui akarudi naye Kangemi, kwa sababu nyumbani kwetu hakukuwa na ruhusa ya kumtaja, sembuse kumleta.

Baada ya hapo Mama aliacha kuzungumza na Baba. Chakula alimwekea, nguo alimpigia pasi, ila neno hakumpa. Kila alasiri aliiwasha kanda yako akaitazama bila msomaji. Nilijitolea, akakataa.

Jumamosi moja Baba aliingia akakaa, kofia ikiwa bado kichwani. Aliitazama mpaka pale mwisho, Macho akiwa magotini. Mzee Nyusi akafungua mdomo, ubao mweusi ukatokea.

"Anasema nini?" Baba akaniuliza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Ndipo kwa mara ya kwanza nikausoma ubao ule kwa macho yangu, si kwa kumbukumbu ya sauti yako. Ubao haukusema ulivyokuwa unasema wewe, Njeri. Paliandikwa: "Nisamehe, mwanangu."

Sijui kwa nini ulibadilisha. Labda kwa sababu Baba alikuwa chumba cha pili na ukuta wetu ni wa mbao. Au labda hukuweza kuamini kwamba baba yeyote anaweza kumwambia mtoto neno hilo, hata kwenye sinema ya Wazungu, ukadhani wamekosea ukawasahihishia. Mimi nilisoma kilichoandikwa.

"Nani anasema?" Baba akauliza.

"Mzee."

"Anamwambia msichana?"

"Anamwambia msichana."

Aliniambia nirudishe nyuma nisome tena. Nikasoma. Kisha akasema, "Zima." Hapo Mama akafungua mdomo, akiangalia kioo cheusi cha televisheni.

"Huyo binti yake alirudi," akasema.

Jumapili iliyofuata Baba hakwenda kanisani. Alitembea mpaka Kangemi, nami nikaenda naye kumwonyesha ploti. Mama Nekesa alikuwa akichambua maharagwe mlangoni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni baba ya Njeri."

"Njeri aliniambia baba yake alikufa."

Baba alivua kofia. Akasema amekuja kumchukua mjukuu wake. Mama Nekesa akaendelea na maharagwe.

"Mtoto hatoki hapa," akasema. "Lakini ukitaka kukaa hapo nje, kaa. Mimi sifukuzangi watu."

Tangu siku hiyo Baba anaenda kila Jumapili. Kanisani wamempa mtu mwingine kiti chake. Wambui anampita akicheza kama anavyopita nguzo ya stima. Mimi sijui nimwonee huruma au nimwache. Mama anasema asubiri, kwani hata yeye alisubiri. Wala sikuandikii ili umsamehe, dada. Hilo siwezi kukuomba, na hata ningekuomba, si wewe utakayelijibu tena. Nilitaka tu ujue mwanao yu hai, anakula, na ana ulimi wako.

Jumapili iliyopita nilikwenda na Baba. Alichoka, akaketi kwenye jiwe pana la pale uani. Wambui akaja na beseni la nguo mbichi, akasimama mbele yake.

"Wewe mzee, toka hapo. Hapo ni pa nguo."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia. Baba aliinuka haraka, magoti yakalia.

"Nikae wapi?" akamuuliza.

Wambui aliutazama ua wote, polepole, kama mwenye nyumba. Kisha akanyoosha kidole langoni, upande wa nje. Baba akaenda, akakaa huko.

Pumzika, Njeri. Huku tutamlinda.

Mdogo wako, wa tumbo moja nawe.